Puto Lililoondoka Unguja: Jules Verne na Sayansi ya Zama Zake

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanangu mliojazana huku mbele mpaka wengine mmekaa mkekani: ahsanteni kwa kuja. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote sikupata nafasi ya kuzungumza saa nzima juu ya kitabu cha hadithi. Leo nimeipata, na sina nia ya kuipoteza.

Mmepita pale barazani mkaona jiko la mkaa, sufuria na kipimajoto kirefu cha kioo. Viacheni hapo hapo, tutavifikia.

Tarehe 18 Aprili 1862, saa tatu asubuhi, watu watatu walipanda puto hapa kwetu Unguja, wakapaa juu ya mkondo wa bahari, wakaingia Mrima. Mmoja alikuwa daktari Mwingereza, Samuel Fergusson. Wa pili rafiki yake, mwindaji kutoka Scotland, jina lake Dick Kennedy. Wa tatu mtumishi, Joe. Puto lao liliitwa Victoria. Baada ya wiki tano walishuka Senegal, upande wa pili wa Afrika.

Msiende kuitafuta safari hii kwenye nyaraka za Serikali. Haikufanyika. Ilifanyika mezani, Paris, ndani ya riwaya ya kwanza ya Jules Verne, iliyotoka mwishoni mwa Januari 1863 kwa jina la *Wiki Tano Ndani ya Puto*. Mtu aliyekuja kusomwa dunia nzima kwa hadithi za sayansi alianzia hapa, kwenye kisiwa hiki ambacho hakuwahi kukitia mguu. Wengi wetu hatulijui hilo, na linaniuma, kwa sababu ndani ya kitabu kile mna somo la sayansi ambalo watu wa Unguja tungeliona wepesi kuliko msomaji wa Paris.

Kwanza nikwambieni alikuwa nani. Alizaliwa Nantes, mji wa bandari magharibi ya Ufaransa, tarehe 8 Februari 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria na alitaka mwanawe amrithi kazi, basi kijana akapelekwa Paris kusoma sheria. Akaisoma, akaimaliza, akaiacha. Akaandika tamthilia ambazo hazikumletea fedha, na alipooa akaingia soko la hisa apate kulisha familia. Hakusomea sayansi. Mwandishi wa habari aliyemzuru uzeeni alimsikia akisema hivyo waziwazi: mambo ya sayansi aliyaokota katika kusoma kwake. Alisoma sana. Kila siku alipitia magazeti kumi na tano, yale yale, pamoja na majarida ya vyama vya wanasayansi, na kila lililomgusa aliliandika kwenye kikaratasi akakiweka. Mwisho wa umri wake vikaratasi vilikuwa maelfu. Aliamka saa kumi na moja alfajiri na kufanya kazi mpaka karibu na adhuhuri.

Na alikuwa na marafiki. Jacques Arago, msafiri aliyekwisha kupofuka, ambaye ndugu yake François alikuwa mnajimu mkubwa wa Ufaransa. Binamu yake Henri Garcet, mwalimu wa hisabati. Na Nadar, mpiga picha mashuhuri wa Paris, mtu aliyerukwa na mapenzi ya anga. Mwaka huo huo wa 1863 Nadar aliunda puto kubwa mno, akaliita Jitu, na katika safari yake ya pili likaburuzwa na upepo ardhini huko Ujerumani na kumjeruhi yeye na mkewe. Nadar alikuwa ameshasema kwamba mustakabali wa kuruka haumo katika puto, umo katika chombo kizito kuliko hewa, na alipounda chama cha kuitetea rai hiyo, Verne alikuwa katibu wake. Angalieni: mtu aliyejipatia jina kwa hadithi ya puto anajiunga mwaka ule ule na chama kinachosema puto halina mbele. Hilo ndilo lililonifanya nimheshimu.

Sasa turudi juu ya mkondo.

Taabu ya puto lolote ni moja. Ukitaka kupanda unamwaga mchanga uliobeba, ukitaka kushuka unatoa gesi. Kila ukipanda na kushuka umepungukiwa na kitu ambacho huwezi kukirejesha, kwa hiyo puto haliendi mbali. Verne alitafuta dawa. Fergusson wake ana tangi la maji na betri za Bunsen, aina iliyobuniwa na Mjerumani Robert Bunsen mwaka 1841. Umeme wa betri unayagawa maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Gesi hizo zinachomwa, na moto wake unaipasha haidrojeni iliyomo ndani ya puto kwa kupitia mrija uliojikunja. Gesi ikipata moto inatanuka, puto linapanda. Moto ukipunguzwa, gesi inasinyaa, puto linashuka. Hapotei mchanga wala gesi. Mfuko wenyewe ni hariri ya Lyon iliyopakwa utomvu wa gutaperka, na ndani yake umo mfuko wa pili, kwa tahadhari.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Halafu nikachukua penseli.

Wanangu wa kidato cha nne, hesabu hii mnaiweza. Kuyagawa maji kunakula nishati, na kuziunganisha tena gesi zile kwa moto kunarudisha nishati ile ile, haizidi hata chembe. Kanuni hiyo ilikuwa imeshakubaliwa Ulaya alipokuwa akiandika. Joule na Helmholtz walikuwa wameshaifanyia kazi katika miaka ya 1840. Basi joto lote la Fergusson linatoka kwenye betri, na betri ya Bunsen inakula zinki. Nimepiga hesabu: kuzigawa lita tisa za maji, kwa betri mbili zilizofungwa mfululizo, kunamaliza zaidi ya kilo 60 za zinki, achilia mbali tindikali. Puto lote la Verne, pamoja na watu, nanga, bunduki na chakula, lina uzito wa ratili 4,000, yaani kama kilo 1,800. Zinki ya safari ya wiki tano isingetoka ardhini. Na moto mkali kuwashwa chini ya mfuko wa haidrojeni ni jambo ambalo nisingemruhusu mwanafunzi yeyote alifanye katika maabara yangu.

Je, hesabu hiyo inamshusha Verne? Kwangu mimi inampandisha. Niliweza kumkosoa kwa sababu alinipa vya kumkosolea: aina ya betri, uzito, ujazo, kitambaa. Mwandishi mwengine angesema daktari alikuwa na unga wa ajabu, puto likapaa, basi. Huyo huna pa kumshika. Verne akiwa mzee, mwandishi H. G. Wells wa Uingereza alipoandika juu ya watu waliokwenda mwezini kwa madini yanayozuia mvuto wa dunia, Verne alilalamika kwamba yeye alitumia fizikia na mwenzake anabuni tu, na akataka aonyeshwe hayo madini. Wengine wanaona ule ulikuwa wivu wa mzee. Mimi naona alikuwa na haki kabisa.

Na ndiyo alivyofanya miaka miwili baada ya puto, alipoandika safari ya kutoka duniani kwenda mwezini, 1865. Mzinga wenye urefu wa futi 900 umezikwa Florida, unarusha risasi ya alumini yenye watu watatu ndani. Alumini wakati ule ilikuwa kitu kigeni, madini ya maonyesho. Mfaransa Sainte-Claire Deville ndiye aliyefungua njia ya kuitengeneza kwa wingi, mwaka 1854. Ndani ya riwaya ile mna sura nzima ambayo ni barua tu: kituo cha unajimu kinajibu maswali. Risasi iende kwa kasi gani? Yadi 12,000 kwa sekunde. Nyinyi mnaijua kasi ya kuuponyoka mvuto wa dunia: kilomita 11.2 kwa sekunde. Zibadilisheni yadi zake mtapata karibu 11. Hesabu alizipitia binamu yake Garcet, na zimesimama.

Barua ile inasema pia mzinga uwe baina ya ikweta na nyuzi 28 za latitudo, kaskazini au kusini, kwa sababu huko tu ndiko mwezi hupita utosini. Florida inaingia kwa shida. Sisi tupo nyuzi 6 kusini. Kwa sharti la Verne mwenyewe, mzinga ungeweza kuchimbiwa Unguja.

Alipokosea, alikosea padogo na kosa likaua wote. Risasi inayotakiwa kupata kasi ile ndani ya futi 900 tu inawakandamiza waliomo kwa nguvu iliyozidi uzito wao mara elfu ishirini na zaidi. Kijana wa kilo 50 angejikuta na uzito wa tani elfu moja na ushei. Verne alihisi tatizo, akaweka maji chini ya sakafu yawe godoro. Maji hayo hayasaidii kitu. Lakini alihisi, na alionyesha mahali alipohisi. Roketi inayopata kasi kidogo kidogo ndiyo iliyokuja kulitatua, na mwaka 1969 watu watatu walikwenda mwezini wakitokea Florida.

Nimepita haraka hapo kwa makusudi. Habari ya mwezi kila mtu huisimulia. Mimi nataka mwezi wa Tabora.

Fergusson na wenzake waliwekewa puto lao kwenye kisiwa kidogo jirani, anachokiita Koumbeni, na sababu anayoitoa Verne ni hii: watu wa Unguja walikuwa na hasira, wakidhani wageni wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, ambavyo eti waliviabudu.

Kaeni na sentensi hiyo kidogo. Unguja. Mwaka 1862. Misikiti imejaa, wanazuoni wanakuja kusoma kutoka Lamu, Barawa na Ngazija, na mtu anaandika Paris kwamba tunaabudu mwezi. Mwezi tuliutazama, ndiyo, na tunautazama hadi leo. Tunautazama kuhesabu siku, kujua Ramadhani imeingia na kujua bamvua na maji mafu ni lini. Hiyo ni elimu ya nyota, aliyokuwa nayo kila mvuvi wa Mkokotoni, na Verne aliigeuza ibada.

Hakuyatoa kichwani mwake. Aliyatoa vitabuni, na hapa ndipo mtaona kazi yake ilivyofanywa. Tazama anavyoitambulisha Unguja: anasema kisiwa hiki ni mali ya Imamu wa Maskati. Mwaka 1856 alipofariki Sayyid Said, ndiyo, ilikuwa hivyo. Lakini wanawe waligombana, na Aprili 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza huko India, akahukumu kwamba Unguja na Maskati zitengane. Fergusson anapotia nanga hapa Aprili 1862, Sayyid Majid alikuwa ana mwaka mzima akitawala dola yake mwenyewe. Kitabu alichosomea Verne kilikuwa kimepitwa na wakati, naye hakuwa na wa kumwambia.

Na Kazeh, yaani Tabora, ndiko kosa linapokua likawa kisa kizima. Puto linatokea mchana, juu ya soko. Watu wanakimbia. Halafu waganga wanakuja (neno hilo hilo letu limo kitabuni, limeandikwa kwa kubabaika, pamoja na *tembe* ya mfalme) na wanatangaza kwamba mwezi umeshuka na wana wake watatu. Daktari anapelekwa akamtibu sultani. Baadaye mwezi wenyewe unachomoza, watu wanaona miezi miwili mbinguni, wanajua wamedanganywa, wageni wanakimbilia puto.

Kisa hicho kimetoka wapi? Kimetoka kwenye neno. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita Tabora mwaka 1857, aliwaelezea wasomaji wake kwamba Unyamwezi maana yake ni Nchi ya Mwezi. Watu wa pwani waliwaita watu wa bara hiyo Wanyamwezi, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba walitoka upande wa magharibi, mwezi unakoandama. Ni jina la upande, kama unavyosema mtu wa kaskazi au mtu wa kusi. Lilipofika Paris likawa jina la dini.

Sasa nataka tufanye alichokuwa akikifanya Verne mwenyewe, tupige hesabu. Kutoka mwezi wa leo unarudi nyuma kwa siku 29 na nusu na ziada yake, mwandamo kwa mwandamo, mpaka 1862. Nimeifanya jioni tatu mfululizo, nikaikagua. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 14 Aprili 1862. Puto liliondoka Unguja tarehe 18. Kwa hiyo lilipofika Tabora mwezi ulikuwa umekwisha kumegeka, unachomoza usiku umeshakwenda, na kila aliyetoka nje ya nyumba yake usiku uliotangulia aliuona ulivyo na ulipo. Mtoto wa Kinyamwezi anayelala njiani na msafara angekwambia: huo mwezi wenu mviringo, mchana kweupe, mmeutoa wapi?

Kalenda ya mwezi ilikuwepo Paris, ingemchukua Verne nusu saa. Hakuitazama, kwa sababu hakufikiri kwamba watu wa Tabora nao walikuwa wakihesabu.

Kuna sentensi ndani ya kitabu kile sitazisoma mbele ya watoto. Kuna mahali mtumishi Joe anafananisha watu na nyani, na mwandishi anacheka naye. Msije mkasema ni maneno ya riwaya tu, kwa sababu nayo yalikuwa na vazi la sayansi. Mwaka 1859, Paris hapo hapo, daktari Paul Broca alianzisha chama cha wataalamu waliopima mafuvu ya watu na kuyapanga, wa juu na wa chini, na vipimo vyao vikachapwa kwa nambari nzuri zilizonyooka. Verne aliyehoji betri na mizinga hakuhoji hilo. Nambari ilimlinda pale alipoikagua, na pale alipoipokea kama ilivyokuja ilimpotosha. Nimekaa na jambo hili miaka mingi, na ndilo lililonileta hapa jioni ya leo kuliko jengine lolote.

Na kuna alichokikagua vizuri mpaka nikivuta kitabu rafuni leo bado nasisimka.

Swali kubwa la jiografia mwaka ule lilikuwa chanzo cha Mto Nile. John Hanning Speke, mwenzake Burton katika safari ile, alikuwa ameliona ziwa la Ukerewe, yaani Ziwa Victoria la leo, kusini yake, pale Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akasema Nile inatoka hapa. Burton alikataa. Speke akarudi tena na James Grant kwenda kuhakikisha, na Verne alipokuwa akiandika, hao wawili walikuwa bado wamo barani, hapana habari yao. Kwa hiyo alilazimika kuchagua. Akamchagua Speke. Puto la Victoria linavuka ziwa, linaufuata mto unaotoka kaskazini yake, na daktari haridhiki na kuuona tu. Anasema, nitajuaje kama ni mto ule ule wanaoujua watu wa Misri? Wanaufuata mpaka kisiwa chenye jabali, anashuka, anatafuta, na juu ya jiwe anakuta herufi mbili zimechongwa: A. D. Ni alama ya Andrea Debono, mfanyabiashara wa pembe kutoka Malta, aliyefika hapo akitokea kaskazini. Mtu aliyetoka juu amekutana na alama ya mtu aliyetoka chini, na mto umeunganishwa.

Mnaona alivyokuwa akifikiri? Ushahidi ni nyuzi mbili zilizofungwa pamoja. Waalimu wa sayansi hapa, chukueni ukurasa ule mkausome darasani.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa Januari 1863. Katikati ya Februari Speke na Grant walitokea Gondokoro, kwenye Mto Nile, Sudan Kusini ya leo, wazima. Speke alikuwa amesimama pale mto unapotoka ziwani, Jinja ya leo, tarehe 28 Julai 1862. Verne alikuwa amepatia.

Lakini Fergusson alipita juu. Speke alipita chini, na mtu aliyepita chini hakupita peke yake. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya 1857, wakachukua zaidi ya miezi minne kufika Tabora, na nyuma yao walikuwepo wapagazi wakibeba vitambaa, shanga, na masanduku ya vioo na shaba: dira, saa, vipimajoto. Alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani angali mdogo, akapelekwa India, akarudi Unguja akiwa huru. Speke hakujua Kiswahili; alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akazungumza na dunia. Alikwenda na Burton na Speke, akaenda tena na Speke na Grant, akaenda na Stanley, akavuka bara zima na Cameron mpaka Atlantiki. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani. Kila nambari aliyoisoma Verne juu ya nchi hii ilipita kwanza juu ya kichwa cha mpagazi, na nyingi zilipita masikioni mwa Bombay. Puto la Verne liliwaondoa wote. Daktari hahitaji mbebaji, hahitaji mkalimani, hamuulizi mtu njia. Naelewa kwa nini hadithi ilitaka hivyo, ni nyepesi na ya kupendeza. Ila jiko lile la barazani nimeliweka kwa ajili ya wale walioondolewa.

Speke alijuaje kimo cha ziwa kutoka usawa wa bahari? Alichemsha maji. Ukipanda juu, hewa inakuwa nyepesi, na maji yanachemka mapema. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa takriban nyuzi moja. Hapa Unguja, ufukweni, maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Mwanza, mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, yanachemka karibu na nyuzi 96. Mama anayepika maharage Mwanza anatumia kuni zaidi kuliko mwenzake wa Tanga, na sababu ni hiyo. Speke akaweka kipimajoto kwenye maji yanayotokota, akasoma, akaandika. Kule Ziwa Tanganyika kipimajoto chao kilikuwa kibovu, kikawadanganya kwa takriban mita 200. Kwa hiyo kuni zilizokatwa na mpagazi, maji yaliyotekwa na mpagazi, na kioo kilichobebwa bila kuvunjika kutoka Kaole hadi ziwani, ndivyo vilivyokuwa maabara.

Nitaje kitabu kimoja tu kingine kabla hatujatoka. Mwaka 1864 Verne alichapisha safari ya kwenda katikati ya dunia. Mwaka uliotangulia, Machi 1863, karibu na Abbeville, kaskazini ya Ufaransa, ilichimbuliwa taya ya mtu katika tabaka la kale, na mzee Boucher de Perthes akashangilia: huyu ndiye binadamu wa kale kabisa. Mabishano yakavuka bahari mpaka Uingereza. Verne aliyafuata, na alipotoa chapa mpya mwaka 1867 aliongeza sura nzima, akaitia taya ile humo na tarehe yake. Baadaye ikathibitika kwamba taya ilipachikwa na wachimbaji, waliokuwa wakilipwa wakivumbua kitu. Mtu angeweza kumcheka. Mimi nafikiria riwaya inayofunguliwa upya miaka mitatu baada ya kutoka, kwa sababu habari ya kisayansi imefika, na nawauliza waandishi wetu waliomo humu ndani: nani katika sisi amewahi kukifungua tena kitabu chake kwa sababu utafiti mpya umetoka taasisi ya afya ya Ifakara, au Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja? Tunayo matumbawe yanayopauka, tuna visima vinavyoingia chumvi, tuna kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wanaojua kwa mikono yao kwamba maji ya pwani yamepata joto, kwa sababu mwani ulioota vizuri zamani sasa unawaozea mkononi. Hizo ni riwaya, na bado hazijaandikwa. Na mwenye kuziandika hatakuwa na udhuru wa Verne, maana kina mama wale anaweza kwenda kuwauliza.

Verne alifia Amiens tarehe 24 Machi 1905. Bara letu alilifikia kwa mashua yake upande wa kaskazini tu. Riwaya zake za safari zilikuwa zimezidi hamsini.

Sasa mkaa utakuwa umeshika. Nataka watu watatu: mmoja asome kipimajoto, mmoja aandike nambari, na wa tatu asimame pembeni awakague wote wawili, aseme kama wamesoma sawa. Kipimajoto chenyewe ni cha zamani na sikukijaribu tangu mwaka jana, kwa hiyo kikisema 98, tutabaki pale mpaka tujue ni kwa nini. Wewe binti mwenye daftari, anza wewe. Twendeni barazani.